Jandarma wa Malkia Asifichwe

Vijana wa Kinama wanaotayarisha mchezo wa kuigiza wa kuchekesha walitujia kuazima kofia, mkanda na filimbi. Tulipouliza vifaa hivyo ni vya nani, walijibu kuwa ni vya bwana harusi wa malkia. Baadhi ya wenzetu walicheka, wengine wakanuna. Walionuna walidai kwamba sare haichezewi, na kwamba askari anayepiga magoti jukwaani akimbembeleza mwanamke atatushushia heshima mtaani. Sisi hatukubaliani nao, na tunawaomba ndugu zetu askari na polisi watusikilize.

Kwanza, jandarma huyo hakubuniwa. Malkia mwenyewe ni Salima Mashamba wa Mwali, kisiwa kilicho kidogo kuliko vyote vinne vya Komoro. (Kwa msemaji wa Kiswahili, jina la kisiwa hicho limekwisha kuuanza mchezo kabla pazia halijafunguliwa.) Alitawazwa mwaka 1888 akiwa binti wa miaka 13, ilhali Ufaransa ilikuwa imekwisha kukiweka kisiwa chini ya himaya yake tangu 1886. Mwaka 1901, huko Réunion, aliolewa na Camille Paule, ambaye hakuwa mwana wa mfalme wala jenerali, bali jandarma wa Kifaransa, mtu wa zamu na doria kama wengi wetu. Mwaka 1912 Ufaransa ikaitwaa Mwali rasmi. Malkia alifariki mwaka 1964 huko Pesmes, mji mdogo wa Ufaransa.

Lakini anayeujaza mchezo kicheko ni mama yake, Jumbe Fatima, aliyerithi kiti mwaka 1842 akiwa mtoto mdogo. Mwaka 1852 aliozwa mtu wa Unguja, jamaa wa Sultani. Kufika 1860 bwana huyo alikuwa amekwisha kufukuzwa kisiwani. Kisha akaja Mfaransa Joseph Lambert, mfanyabiashara, ambaye wengi husema alikuwa pia mpenzi wake, na mwaka 1865 akapata mkataba uliompa sehemu kubwa ya ardhi ya kisiwa. Kila aliyekuja na posa katika mkono mmoja, mkono wa pili alishika karatasi ya kutiwa sahihi. Malkia alipotaka kujitoa katika mkataba ule, mwaka 1867 mji wa Fomboni ulipigwa mizinga na manowari za Kifaransa. Posa gani hiyo, jamani, inayofuatwa na mizinga? Naye hakunyamaza: mwaka 1868 alikwenda mpaka Paris kumlalamikia Napoleon III. Baadaye alirudi kitini, na alikufa akiwa malkia mwaka 1878.

Hapa tuna neno na vijana wenyewe. Katika maandishi yao, Jumbe Fatima amefanywa mwanamke mwepesi anayedanganywa na kila mgeni. Tumewaambia wabadilishe. Wa kuchekwa ni waposaji waliodhani kisiwa kinaweza kuolewa.

Turudi kwa jandarma. Mtaa wa Kinama uliumizwa sana na vita vilivyoanza mwaka 1993. Watoto wa wakati ule, nasi tukiwamo, waliposikia mlio wa buti waliingia chini ya kitanda bila kuuliza ni buti za nani. Jandarmeri yetu iliondoka Polisi ya Taifa ilipoundwa mwishoni mwa 2004, lakini wapo wazee wa Kinama ambao neno hilo hawajawahi kulisikia likitamkwa kwa kicheko. Je, tutawanyima jioni moja ya kulicheka? Shule ya makadeti ilitufundisha kupiga saluti, kutembea na kusoma ramani; kuchekwa na raia bila kukasirika hatukufundishwa, na ni dhahiri kwamba wengine wetu bado hawajui.

Kofia na mkanda tumevitoa, vya zamani, visivyo na nembo. Filimbi tumekataa, kwani ni chombo cha kazi na ikilia usiku Kinama hakuna atakayejua ni mchezo. Anayefaa kuigiza jandarma ni polisi wa kweli, na tayari koplo mmoja mwenye sauti nene amejitolea, ingawa anasitasita kupiga magoti. Walio nje ya zamu waje bila silaha, wakae nyuma. Viti vya mbele ni vya wazee wa mtaa.