Gari la Fahari Halinunuliwi kwa Vivumishi

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Asomaye matangazo ya magari yaliyokwisha tumika atakubali kwamba ni nadra kukuta bidhaa inayotembezwa kwa maneno matamu kuliko gari kubwa la fahari, la dizeli, lenye nguvu za kupanda milima na kuvuka matope. “Gari safi ajabu.” “Halina shida hata moja.” “Lilikuwa la daktari.” “Mwenyewe anahama nchi.” Tukiyachanganua matangazo haya kama tunavyozichanganua sentensi darasani, tutagundua kwamba yamejaa sifa na kupungukiwa na habari. Tunaelezwa jinsi gari lilivyo. Hatuelezwi lilifanyiwa nini, lini, wapi na nani.

Jambo hili lingekuwa la kuchekesha tu lau lisingegusa mifuko ya watu wa mshahara. Walimu wengi hununua magari kwa mikopo ya vyama vya ushirika, na mkopo huo huwa na wadhamini. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 hairuhusu makato ya mshahara yapite theluthi mbili. Mwalimu aliyekwisha kukatwa hadi mpaka huo hana shilingi ya kuifufua injini iliyokufa. Akishindwa kulipa, watakaokatwa ni wadhamini wake, na aghalabu hao ni walimu wenzake wanaoketi naye katika chumba kimoja cha walimu. Kwa hiyo ununuzi wa gari moja unaweza kuwa msiba wa watu watano.

Na tuchukue mfano wa Land Rover Discovery. Toleo la tatu lilizinduliwa mwaka wa 2004, la nne likaja mwaka wa 2009, na la tano likaonyeshwa mwaka wa 2016. Kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari kuukuu lililopita umri wa miaka 8, matoleo ya tatu na ya nne yanayouzwa kwetu leo ni magari ambayo yamekuwa humu nchini kwa muda na pengine kupitia mikono mingi. Bei yake imeshuka hadi kumkaribia mtu wa kipato cha wastani. Hapo ndipo penye mtego. Bei ya gari huzeeka, lakini bei ya vipuri haizeeki. Anayelinunua kwa sehemu ndogo ya bei ya kwanza bado atalihudumia kwa gharama za gari la tajiri.

Injini ya dizeli ya lita 2.7 iliyowekwa katika toleo la tatu, yenye silinda 6, ilibuniwa kwa ushirikiano wa kampuni za Ford na Peugeot Citroën. Ni injini tulivu na yenye nguvu. Hata hivyo, mafundi wanaijua kwa kasoro moja kubwa: beringi za krenki, ule mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, huweza kuharibika, na krenki yenyewe ikakatika. Dada yake ya lita 3.0 nayo haikusalimika na kasoro hiyo. Likitokea hilo, injini nzima imekwisha. Vile vile injini hii ina taiming belti, na kuna mkanda mwingine upande wa nyuma unaoendesha pampu ya dizeli. Taiming belti ikikatika gari likiwa linakwenda, valvu na pistoni hugongana. Hata kuifikia tabo, kile kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini, si kazi ndogo: mafundi wengi huona afadhali kuinua bodi nzima kutoka kwenye fremu.

Ndiyo maana jibu la “mkanda ulibadilishwa” halitoshi. Kauli ya kutendwa katika lugha yetu hutuwezesha kumficha mtenda, na wauzaji wanaitumia fursa hiyo kikamilifu. Mnunuzi amtafute mtenda. Ulibadilishwa na karakana gani? Tarehe ngapi? Gari likiwa limekwenda kilomita ngapi? Stakabadhi iko wapi? Oili ilimwagwa kila baada ya kilomita ngapi, na ilikuwa ya aina gani? Gari lenye rekodi kamili na kilomita nyingi ni bora kuliko lenye kilomita chache na historia isiyojulikana, kwani nambari za dashibodi huweza kurudishwa nyuma. Linganisha nambari hizo na stakabadhi za karakana, na uchakavu wa usukani, wa pedali na wa kiti cha dereva.

Baada ya karatasi, twende kwa chombo chenyewe. Fika asubuhi na uombe injini isiwashwe kabla hujafika. Gusa boneti. Ukiikuta ina joto, uliza ni kwa nini, kwa maana injini mgonjwa huficha maradhi yake ikishapashwa moto. Iwashe mwenyewe na usikilize. Mgongano mzito kutoka chini si “mlio wa kawaida wa dizeli”, hata kama dalali ataapa. Tazama moshi: mweusi mzito unapokanyaga mafuta waashiria hitilafu ya mafuta au ya hewa, wa samawati waonyesha kwamba oili inaungua, mweupe usiokoma hata injini ikipata moto waweza kuwa dalili ya maji kupenya ndani ya silinda au ya injekta mbovu. Injini ikiwa bado baridi, fungua kifuniko cha maji ya rejeta uone kama yamechanganyika na oili.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kwa gari la aina hii methali hiyo ichukuliwe jinsi ilivyo. Inama mvunguni utazame fremu kama imepinda, imechomelewa au imeliwa na kutu, hasa ikiwa gari limeishi karibu na bahari. Magari mengi ya kundi hili hayakai juu ya springi za chuma bali juu ya mifuko ya hewa inayojazwa na kompresa. Liinue na ulishushe gari kwa swichi yake, kisha uliache likae kwa saa kadhaa. Kona moja ikizama, kuna hewa inayovuja, na kompresa inayofanya kazi bila kupumzika nayo haitakawia kufa. Ingiza gia nzito ya milimani ulisikilize likienda, kwani gari lisiloingia gia hiyo limebaki na umbo la gari la nyikani tu. Aidha, baada ya mafuriko yaliyoikumba nchi yetu kati ya Machi na Mei 2024, vuta mikanda ya viti hadi mwisho wake na uinue mazulia. Alama ya tope mahali hapo ni ushahidi kwamba maji yaliingia, na nyaya za kompyuta za gari hazisahau maji.

Lipo pia suala la mafuta. Pampu ya dizeli ya kisasa hulainishwa na dizeli yenyewe huku ikiisukuma kwa kani zaidi ya mara 1,000 ya ile ya hewa inayotuzunguka. Mwaka wa 2018 serikali ilipoweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa, ilikuwa inapambana na wale wanaoyachanganya na dizeli. Mchanganyiko huo hupunguza ulainishaji, na anayelipia ni mwenye pampu. Fundi apime mafuta yanayorudi kutoka kila injekta, na asome makosa yaliyohifadhiwa katika kompyuta ya gari. Tena aangalie kama makosa hayo yamefutwa asubuhi ile ile. Iwapo gari lina kichujio cha masizi kwenye ekzosi, ahakikishe hakijaziba wala kukatwa na kutupwa.

Mwisho, sheria. Jina la anayekuuzia lilingane na la hati ya usajili katika mamlaka ya NTSA, na nambari ya chesisi ilingane na ile iliyopigwa kwenye chuma. Tafuta kujua kama gari limewekwa dhamana. Sheria ya mwaka wa 2017 kuhusu dhamana za mali inayohamishika iliunda sajili inayoweza kupekuliwa kwa ajili hiyo. Kumbuka pia kwamba sheria ya uuzaji wa bidhaa humlinda zaidi anayenunua kwa mfanyabiashara wa bidhaa hizo kuliko anayenunua kwa mtu binafsi. Mkataba unaosema gari limeuzwa “kama lilivyo na mahali lilipo” ni onyo lililoandikwa, na mwalimu hafai kuwa mtu wa kutia sahihi asichokisoma.

Sisemi kwamba mwalimu asimiliki gari la namna hii. Anayefunza mahali ambapo barabara hukoma mvua inapoanza analihitaji kuliko anayelipeleka kanisani na sokoni. Ninalodai ni kwamba asitumie mkopo wote kununua. Abakishe angalau sehemu moja kwa tano kwa matengenezo ya mwaka wa kwanza, na kama hawezi, basi gari hilo hajaliweza.

Vyama vya ushirika navyo vina wajibu. Ripoti ya uthamini humweleza mkopeshaji gari lina bei gani. Haimwelezi mkopaji kama injini itafika Disemba. Kila chama kinachokopesha kwa ajili ya gari kuukuu kingedai ripoti ya fundi huru, asiyeteuliwa na muuzaji, kabla ya hundi kuandikwa. Ada ya ukaguzi huo ni ndogo mno ikilinganishwa na bei ya injini moja. Na wadhamini wasione haya kuidai ripoti hiyo kabla ya kutia sahihi, kwa sababu mshahara utakaokatwa ni wao.