Mkataba Si Karatasi ya Kufungia Vitumbua

Neno "msaliti" limekuwa rahisi mno katika mji wetu. Zamani lilikuwa neno zito. Aliyeitwa msaliti alikuwa mtu aliyewauza wenzake, na hakuitwa hivyo mpaka watu wamekaa kitako wakayapima maneno. Siku hizi kijana akibadili rangi ya fulana tu, neno hilo hutupwa barabarani kama ganda la muwa, na watoto hulichezea.

Mwaka 2025 lilimwangukia Mohamed Hussein, ambaye sote twamwita Tshabalala. Aliingia Simba mwaka 2014 akitoka Kagera Sugar, akacheza beki ya kushoto kwa miaka 11. Alibeba vikombe, alifungwa, alisifiwa, alizomewa, na mwisho alikabidhiwa kitambaa cha unahodha. Mkataba wake ulipokwisha alivuka Kariakoo, kutoka Msimbazi kwenda Jangwani, mwendo ambao mzee mwenye mkongojo aweza kuumaliza kabla kahawa yake haijapoa. Hapo kelele zikaanza, kutoka Tandika mpaka Manzese: msaliti, msaliti!

Tukiri jambo moja. Miongoni mwetu tunaoandika ukurasa huu wamo watu wa rangi zote mbili, na siku ile ya habari hiyo kazi haikufanyika sawasawa. Wako walionuna na wako walioimba. Kwa hiyo hatusemi haya kama malaika wasio na klabu. Twasema kwa kuwa baada ya kununa tulikaa tukaulizana swali moja, na hakuna aliyeweza kulijibu: amemsaliti nani?

Aliahidi miaka, akaitumikia. Karatasi ilisema mwisho ni siku fulani, na siku hiyo ilifika akiwa kazini. Deni lililolipwa halidaiwi mara mbili. Tena mtazame upande wa pili, ndugu msomaji. Kila msimu ukiisha, klabu zetu kubwa huwaaga wachezaji kwa picha moja na neno la asante. Mwingine ana mke na watoto Mbagala, amepanga nyumba kwa kutegemea mshahara ule, na habari ya kuachwa huisoma simuni pamoja na sisi. Hatujasikia hata siku moja mtu akisimama kijiweni kuiita klabu msaliti. Klabu ikimwacha mchezaji twaambiwa ni "mipango ya mwalimu". Mchezaji akiiacha klabu twaambiwa ni tamaa. Mizani ya namna hiyo, sokoni Tandika, mwenye duka angepigwa kelele mpaka afunge.

Lugha yetu ina maneno mawili, tamaa na ari, na wazee hawakuyatenga bure. Mwenye tamaa hutaka cha mwenzake, au hukitaka chake kabla ya wakati. Mwenye ari hutaka kufika mbali kuliko alikozaliwa. Sisi tuliopigania watu wetu wapande kutoka chini hatuwezi leo kumwambia mtoto wa Temeke kwamba kupanda ni dhambi.

Na watoto hao ndio wenye mpira. Klabu mbili zimeketi Kariakoo, lakini miguu hutoka pembeni. Mbwana Samatta alizaliwa mwaka 1992, na mpira wake ulianzia Mbagala, katika klabu ya Mbagala Market iliyokuja kuitwa African Lyon. Simba walimchukua mwaka 2010. Mwaka 2011 walipokutana na TP Mazembe katika kombe la klabu bingwa za Afrika, watu wa Lubumbashi walimwona, wakamtaka, wakamnunua. Alikuwa kijana wa miaka 18 tu. Mpenzi wa Simba wa siku ile alikuwa na haki ya kuhuzunika, maana alikuwa hajamshiba.

Lakini tuhesabu alichofanya huko. Mwaka 2015 alitwaa ubingwa wa Afrika na Mazembe. Januari 2016 alisimama Abuja akapewa tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kwa wachezao barani. Mwezi huo huo akaenda Genk ya Ubelgiji, na mwaka 2019 akawa bingwa wa nchi ile. Januari 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, katika Aston Villa, na tarehe 1 Machi mwaka huo akafunga bao Wembley dhidi ya Manchester City katika fainali ya Kombe la Ligi. Villa walifungwa siku ile, lakini nani wa Mbagala aliyelala mapema?

Tena kuna tarehe moja ambayo twaiweka juu ya zote hizo: 24 Machi 2019, uwanja wetu wa Taifa, pale pale Temeke. Taifa Stars iliifunga Uganda mabao 3 kwa 0 na kwenda fainali za Afrika kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1980. Nahodha alikuwa Samatta. Kama angebaki Msimbazi kwa sababu tulimwambia kwamba mwaminifu ni yule asiyeondoka, je, tungekuwa na nahodha wa namna ile? Kabla yake, katika miaka ya 1970, Sunday Manara aliyetamba na Yanga alikwenda kucheza Heracles ya Uholanzi, na mpaka leo wazee wa Jangwani humtaja kwa fahari. Aliyekwenda mbali humwita wetu. Aliyevuka barabara humwita msaliti. Hapo ndipo twaona kwamba ugomvi haukuwa juu ya uaminifu hata kidogo. Ugomvi ni juu ya jirani.

Msidhani, hata hivyo, kwamba twampa kila mchezaji ruhusa ya kufanya apendavyo. Kuna karatasi, na karatasi ina heshima yake.

Desemba 2022 Feisal Salum, ambaye wengi wamwita Fei Toto, aliwaaga watu wa Yanga huku mkataba wake ukiwa na zaidi ya mwaka mmoja mbele. Aliweka shilingi milioni 112 katika akaunti ya klabu, akaona amekwisha kujinunua. Yanga wakazirudisha. Kamati ya shirikisho letu la mpira, TFF, ikaamua kwamba kijana bado ni mali ya mkataba wake. Akakaa nje. Wenzake wakaenda mpaka fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, wakaifunga USM Alger kwao Algiers bao 1 kwa 0 tarehe 3 Juni 2023, wakakosa kombe kwa kuwa nyumbani walikuwa wamefungwa 2 kwa 1. Yeye hakuwamo. Jambo likafika Ikulu: Rais Samia Suluhu Hassan, alipowakaribisha Yanga chakula, aliwataka viongozi walimalize. Mwezi huo huo Feisal akaenda Azam, kule Chamazi.

Watu waligawanyika juu ya habari hii, na maneno ya ugali na sukari yaliyotoka upande wa familia yakawa utani wa mji mzima. Sisi hatukucheka sana. Wenye kucheka walikuwa hawajui njaa, au wameisahau.

Maoni yetu ni haya. Feisal alikosea njia. Aliyetia sahihi kwa akili yake timamu hawezi kuamka asubuhi akasema nimeghairi, wenzake wakiwa katikati ya safari. Kama kila mmoja angefanya hivyo, hakuna timu ingemaliza msimu. Lakini viongozi nao walikosea, tena kabla yake. Mchezaji akikua kuliko mkataba wake, kiongozi mwenye macho humwita mapema, huketi naye, humwongeza, au humtafutia mnunuzi. Huwezi kumfanya mtu nguzo ya nyumba huku ukimlipa kama fito. Matokeo yake ni kwamba kila upande ulipoteza miezi sita, na Yanga walikwenda kwenye fainali ile pasipo kiungo ambaye msimu uliofuata alifunga mabao 19 katika ligi akiwa na Azam, nyuma ya Aziz Ki wa Yanga aliyefunga 21.

Wazee wetu wa mashamba ya mkonge wanakijua kipande. Manamba alipewa karatasi ya siku 30 za kazi, na mpaka siku zile zitimie hakuwa huru. Wako vijana wanaosema mkataba wa mpira ni kipande kilichovaa jezi. Hapana. Manamba hakuulizwa lolote. Mchezaji huulizwa, tena hupewa kalamu. Kosa ni kwamba wengi huishika kalamu kabla hawajaisoma karatasi. Kuna hata waliowahi kujifunga mara mbili: mwaka 2013 Mrisho Ngassa, winga aliyetupa raha nyingi, alirudi Yanga huku Simba wakiwa na mkataba wake, TFF ikamfungia mechi 6 na kumtaka awalipe Simba milioni 45. Mzigo huo ulimkalia mabegani kwa muda mrefu.

Basi yafaa vijana wa Kinondoni na Temeke wayajue mambo machache ambayo viongozi hawana haraka ya kuwaambia. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji aliye chini ya miaka 18 hafungwi kwa mkataba wa zaidi ya miaka 3. Mkataba ukibakiza miezi 6, mchezaji aweza kuzungumza na klabu nyingine pasipo kujificha. Klabu isipolipa mishahara ya miezi miwili, mchezaji akaidai kwa maandishi na kuipa siku 15, nayo isilipe, anayo sababu ya haki ya kuuvunja mkataba. Hayo ndiyo meno ya mfanyakazi. Lakini meno hayo huuma kwa maandishi. Kuaga kwenye simu hakumng'ati mtu.

Na kuna jambo kubwa zaidi, ambalo kwalo uaminifu hupata maana yake hasa. Mchezaji anapouzwa kwa fedha kutoka nchi moja hadi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya fedha ile hugawiwa klabu zilizomlea tangu miaka 12 mpaka 23. Kwa kila mwaka wa malezi kati ya 12 na 15, klabu hupata robo ya asilimia moja ya bei yote. Kuanzia 16 mpaka 23 hupata nusu ya asilimia. Fanyeni hesabu. Kijana akiuzwa kwa shilingi bilioni 1, klabu iliyomlea mwaka mmoja akiwa na miaka 14 yastahili milioni 2 na nusu. Iliyomlea akiwa na miaka 17 yastahili milioni 5. Akiuzwa tena mbele kwenda nchi nyingine, hupata tena. Fedha hizo kwa tajiri wa Ulaya ni chenji. Kwa timu ya mtaa wa Mbagala ni mipira, viatu, na nauli ya daladala ya msimu mzima.

Lakini fedha hizo hazimfuati mtu asiye na kumbukumbu. Timu zetu nyingi za pembeni zimelea vijana pasipo kuwasajili, pasipo hata daftari. Mwalimu amemnunulia mtoto ndala, amemlisha, amemfundisha kupiga chenga, na siku mtoto akiuzwa hana karatasi moja ya kuonyesha kwamba alikuwa wake. Nani mwizi hapo? Hakuna. Uzembe umekula.

Kwa hiyo kijana anayetaka kwenda mbali, naye awe mwaminifu kwa waliomlea, njia anayo: aisajili historia yake tangu utoto, atie sahihi muda anaoweza kuutumikia, aondoke kwa kuuzwa penye nafasi, nao waliomfundisha kule vumbini wapate haki yao. Akimaliza mkataba wote kama Tshabalala, aende kwa amani. Na jezi ya Taifa ikimwita, aje.

Klabu nazo hatuziachi. Twataka mkataba wa mchezaji uandikwe kwa Kiswahili, lugha ambayo mama yake aweza kuisoma, hata kama nakala nyingine itakuwa ya Kiingereza kwa ajili ya wakubwa. Twataka mchezaji abaki na nakala yake siku ile ile ya sahihi. Twataka chama cha wachezaji, SPUTANZA, kitembelee viwanja vya mitaani, kikutane na wazazi kabla mawakala hawajafika. Halmashauri ya Kinondoni imeweza kuwa na timu yake, KMC, na uwanja pale Mwenge. Haiwezi kushindwa kuwa na daftari la vijana wanaocheza Mwananyamala na Tandale, wala Temeke haiwezi kushindwa kuwa na la Mbagala na Tandika.

Usiku wa mwisho wa usajili huja mara mbili kwa mwaka. Gari husimama mlangoni saa tano usiku, watu wawili hushuka wakiwa na bahasha na kalamu, wakisema dirisha lafungwa saa sita, mtoto atie sahihi upesi. Mzazi wa Temeke au Kinondoni atakayefikiwa na watu hao awape viti, awape maji ya kunywa, awashe taa, aanze kusoma ukurasa wa kwanza.