Kuku wa Nyama Hakuzwi kwa Homoni: Acheni Kuuziana Uongo

Ndugu mfugaji, na wewe ndugu mchuuzi wa kuku, leo tusemezane ukweli hata kama utauma.

Kuna maneno mawili yanazunguka sokoni. Muuza kuku wa kienyeji anamwambia mteja: "Usile wa kisasa, wanakuzwa kwa homoni." Muuza unga usio na lebo naye ananong'ona: "Tia kijiko kimoja kwenye maji ya kuku, ni homoni ya ukuaji, wiki ya tatu unauza." La kwanza linaua soko la mwenzako. La pili linakula mtaji wako. Yote mawili ni uongo.

Homoni ya ukuaji ya kuku ni protini: mnyororo wa vipande 191 vya asidi amino. Minyororo mifupi ya aina hiyo huitwa peptidi. Kila kuku, awe wa kienyeji au wa kisasa, huitengeneza mwenyewe kwenye tezi iliyo chini ya ubongo. Husafiri kwenye damu mpaka kwenye ini na viungo vingine, na huko hukuta vipokezi. Kipokezi ni kufuli, homoni ni ufunguo wake.

Sasa mnyweshe kuku ufunguo huo. Utapita kwenye asidi ya tumbo, firigisi na utumbo, na utameng'enywa kama dagaa waliomo kwenye chakula. Kinachoingia kwenye damu ni vipande tu, na kipande cha ufunguo hakifungui kufuli. Ndiyo maana mgonjwa wa kisukari huchomwa sindano ya insulini. Nayo ni homoni ya aina hii. Akiimeza kama maji haimsaidii. Nani atawachoma sindano kuku 500, tena mara kwa mara, halafu apate faida?

Hata homoni ikijaa kwenye damu, bila kipokezi ni kazi bure. Wapo kuku wadogo kwa kurithi ambao kipokezi chao cha homoni ya ukuaji kina hitilafu. Homoni wanayo ya kutosha, lakini mwili hausikii.

Basi ukubwa wa kuku wa nyama unatoka wapi? Kwenye mbegu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walilea pamoja kuku wa mbegu za mwaka 1957, 1978 na 2005, kwa chakula kile kile. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Siku ya 56 walikuwa na wastani wa gramu 905, 1,808 na 4,202. Kilichowatofautisha ni miaka mingi ya kuchagua wazazi wanaokua haraka.

Mtaniuliza: mbona tunasikia vidonge vya uzazi wa mpango wanapewa kuku? Homoni za vidonge hivyo si peptidi, na hazivunjwi tumboni kama protini. Marekani waliwahi kupachika homoni bandia ya kike chini ya ngozi ya shingo za majogoo. Iliwaongezea mafuta, mabaki yakakutwa kwenye nyama, na mwaka 1959 ikapigwa marufuku kwa kuku. Anayewapa kuku vidonge vya binadamu anachezea afya ya walaji, tena kwa hasara yake.

Wakati tunapigia kelele homoni ambazo hazipo, dhambi iliyopo tunaifumbia macho. Kuku anapewa antibiotiki asubuhi, jioni yuko kwenye tenga anapelekwa sokoni. Lebo ya dawa imeandika siku za kusubiri kabla ya kuuza nyama au mayai, lakini nani anazihesabu? Hilo ndilo la kuogopwa, na hata wa kienyeji hufanyiwa hivyo.

Mchuuzi, uza kuku wa kienyeji kwa ladha yake, usimuuze kwa kumchafua mwenzako. Mfugaji, hela ya unga wa kijiko kimoja nunulia chakula bora cha kuanzia, mkaa wa kuwapa vifaranga joto, na chanjo za kideri na gumboro. Kisha weka daftari: dawa gani, tarehe gani, siku ngapi za kusubiri. Mteja akikuuliza habari za homoni, usibishane naye. Mfungulie daftari asome.