Mwambao wa Kivu: Lami Imefika, Je, Msafiri Atasimama?

Rwanda haina bahari. Dereva wa lori anayetoka Kigali kwenda bandari ya Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilomita 1,300 kabla ya kuona maji ya chumvi. Hata hivyo nchi hii inao mwambao wake, nao ni ukingo wa mashariki wa Ziwa Kivu, unaoanzia Rubavu upande wa kaskazini, ukapitia Rutsiro, Karongi na Nyamasheke, hata ukafika Rusizi upande wa kusini. Katika mwambao huu imepita barabara ya lami ambayo sehemu yake kubwa ilijengwa katika muongo ulioanza mwaka 2010. Ni juu ya barabara hiyo, na juu ya namna wananchi wa Kigali na wageni wao wanavyoitumia, ndipo tunapotaka kusema machache leo.

Kwanza haki isemwe. Kabla ya lami, masika yalipokaza, vijiji vya Rutsiro na Nyamasheke vilikuwa karibu kama visiwa. Mama mjamzito alibebwa kwenye machela, na mkulima wa kahawa aliona magunia yake yakisubiri kwenye tope. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayetamani kuirudisha hali hiyo. Lakini barabara nzuri ina tabia moja ambayo wapangaji wa mipango hawaizungumzii sana: humwezesha msafiri kupita upesi. Zamani aliyetoka Gisenyi kwenda Cyangugu hakuwa na budi kulala njiani, akala njiani, akaomba maji njiani. Leo aweza kunywa chai ya asubuhi Rubavu na kulala Rusizi, na katikati yake asiache hata faranga moja.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Fedha nyingi za utalii wa Rwanda hutokana na sokwe wa milima ya Virunga. Tangu Mei 2017 mgeni hulipa dola 1,500 ili kuwaona, na mwaka huo huo serikali iliongeza mgawo wa mapato ya hifadhi unaorudishwa kwa wananchi wanaozizunguka, kutoka asilimia 5 hadi 10. Huo ni utaratibu mwema, nao umejenga madarasa na zahanati. Lakini ziwa si hifadhi. Ukiacha vijiji vinavyopakana na misitu ya Nyungwe na Gishwati-Mukura, mkazi wa mwambao wa Kivu hana mgawo wowote wa namna hiyo. Chake ni kile tu ambacho msafiri ataamua kukitoa mfukoni kwa hiari yake: bei ya kitanda, bei ya sahani ya samaki, nauli ya mtumbwi. Msafiri asiposimama, hakuna kitu.

Basi na tuwaambie wasomaji wetu mahali pa kusimama, maana wengi huishia ufukoni Rubavu, wakapiga picha, wakarudi Nyabugogo jioni ya Jumapili wakidai wameliona ziwa.

Jambo la kwanza ni majina. Tangu mabadiliko ya utawala ya mwaka 2006 vibao husema Rubavu, Karongi na Rusizi, lakini wazee, na hata vijana wengi, bado husema Gisenyi, Kibuye na Cyangugu. Anayeuliza njia na ajue yote mawili. Na anayejua Kiswahili asione haya kukitumia, kwani katika masoko ya Rubavu na Kamembe kimekuwa lugha ya biashara tangu zamani, kabla Bunge halijakifanya lugha rasmi mwaka 2017. Msafiri wa Kiswahili hupata huko bei iliyo karibu zaidi na bei ya kweli.

Kutoka Rubavu barabara huacha ufuko na kupanda kupitia mashamba ya chai ya Pfunda, kisha huingia Rutsiro. Hapa ndipo tungependa gari lipunguze mwendo. Chini ya barabara, kando ya maji, kuna Kinunu na kituo chake cha kuosha kahawa. Kuanzia Machi hadi karibu na Julai wanawake huketi kwenye meza ndefu wakichagua punje moja moja, na harufu ya maganda yaliyochachuka hufika mbali. Kushuka huko kwahitaji gari lenye nguvu au, bora zaidi, miguu. Ndiyo njia ya wale wanaofuata mkondo wa Kongo-Nili, njia ya waenda kwa miguu na wapanda baiskeli yenye urefu wa kilomita 227, ambayo huchukua siku kumi kwa miguu. Ni kweli kwamba sehemu za njia hiyo zimemezwa na lami, nasi twalisikitikia jambo hilo, lakini kipande cha Rutsiro bado ni njia ya watu na mbuzi.

Giza linapoingia, msafiri asijifungie chumbani. Wavuvi wa sambaza hutoka wakati huo, mitumbwi mitatu ikiwa imefungwa pamoja kwa miti mirefu, taa juu ya maji, na nyimbo za kupigia kasia zikisikika hata vilimani. Samaki huyu si mwenyeji wa Kivu. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na watu wa Kigoma watamtambua kuwa ni yule yule lumbu wao. Leo ni kitoweo cha kila siku cha mwambao mzima. Uvuvi hufungwa yapata miezi miwili kila mwaka ili samaki wazaane, kwa hiyo atakayekosa sambaza wakati huo asimlaumu mwenye mgahawa.

Karongi yastahili siku mbili. Mchana mashua itampeleka mgeni kwenye kisiwa ambacho kwa umbo lake kimeitwa kofia ya Napoleon, makao ya popo wasiohesabika. Kwa mbali ataona mtambo unaoelea wa kutoa gesi ya methani kutoka kilindini, mali ya kituo cha umeme cha KivuWatt kilichozinduliwa mwaka 2016 chenye uwezo wa megawati 26. Gesi hiyo ni neema, lakini ziwa hili pia lina hewa ya ukaa nyingi, na katika mabonde ya upande wa Rubavu na Goma hewa hiyo hujikusanya chini na kuua. Wenyeji huiita mazuku. Hakuna mamba wala kiboko katika Kivu, jambo linalowafanya wageni wajione huru mno. Aogelee mtu pale wenyeji wanapoogelea, si penginepo.

Juu ya rasi ya Karongi kuna kanisa zuri la mawe linalotazama maji. Aprili 1994 maelfu ya Watutsi waliokimbilia humo waliuawa. Katika milima iliyo juu ya ziwa kuna Bisesero, ambako watu walipigana kwa mawe na mikuki kwa majuma mengi dhidi ya wauaji wenye bunduki. Ukumbusho wa Bisesero uliingizwa katika Urithi wa Dunia Septemba 2023. Si mahali pa kupitia mbiombio kabla ya chakula cha mchana. Tumewahi kuona gari la watalii likisubiri hapo nje huku muziki ukilia, nasi hatukupendezwa. Anayesafiri kuanzia tarehe 7 Aprili akumbuke kwamba nchi iko katika juma la maombolezo.

Kusini ya hapo, Nyamasheke haijulikani kabisa kwa wakazi wa mji mkuu. Ajabu ni kwamba Richard Kandt, Mjerumani aliyeanzisha Kigali mwaka 1907, aliishi kwanza Shangi, kando ya ziwa hili. Hapo Shangi pia, mwaka 1896, jeshi la Rwanda lilikutana kwa mara ya kwanza na bunduki za Wabelgiji, likashindwa. Mwanafunzi wa historia anayelala hapo usiku mmoja hatajuta. Kisha ni Rusizi na kisiwa cha Nkombo, na kurudi Kigali kwa njia ya msitu wa Nyungwe na Huye.

Majira yachaguliwe kwa uangalifu. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mafuriko na maporomoko ya udongo yaliua zaidi ya watu 130, wengi wao katika wilaya hizi hizi. Juni hadi Agosti ni salama zaidi. Kuhusu kuvuka mpaka kwenda Goma au Bukavu, baada ya mapigano ya mwaka 2025 ushauri wetu ni mfupi: msafiri wa mapumziko asivuke. Na dereva aheshimu vibao vya mwendo, maana zile kamera ambazo watu wamezipachika jina la Sofiya zipo hata mahali pasipo na mtu.

Kwa upande wa wilaya, yapo mambo yasiyohitaji mkopo wa kigeni. Kibao kinachoonyesha njia ya kushukia Kinunu au Shangi hakigharimu sana. Gati dogo lenye nauli zilizobandikwa hadharani lingemwondolea mwenye mtumbwi lawama na mgeni mashaka. Vyama vya ushirika vya kahawa vyaweza kuuza kikombe kimoja kilichochemshwa mbele ya mnunuzi, badala ya kungoja mnunuzi wa gunia. Na msafiri mwenyewe achukue noti ndogo ndogo, kwa kuwa mama anayeuza ndizi mbivu ukingoni mwa barabara ya Rutsiro hana chenji ya faranga 5,000, na gari likishaondoka kwa sababu hiyo, halirudi.