Maelezo ya chuo usiandikiwe na jirani

Matokeo ya KCSE yakishatangazwa, nyumba nyingi za mjini Kisumu huwa na mazungumzo ya aina moja. Baba anauliza, "Sasa utasomea nini?" Jibu likiwa udaktari au uhandisi, chai inaendelea kunywewa. Likiwa fasihi ya Kiingereza, kikombe huwekwa mezani. "Fasihi? Hiyo fasihi italisha nani?"

Leo nataka kusema na kijana ambaye hakutishwa na swali hilo, hasa yule anayetamani kusomea ng'ambo. Mzazi wake naye asikilize, kwa maana yeye ndiye atakayetafuta karo.

Kwanza tuelewane. Anayeomba chuo hapa nchini kupitia KUCCPS, awe anataka Maseno, Nairobi au kwingineko, haandiki maelezo yoyote juu yake. Alama zake humsemea. Lakini anayeomba shahada ya kwanza Uingereza hupitia shirika la UCAS, na huko hudaiwa maelezo binafsi. Zamani ilikuwa insha moja ndefu. Kuanzia maombi ya kuingia chuoni mwaka wa 2026, yamekuwa maswali matatu: kwa nini unataka somo hili, masomo yako yamekutayarisha vipi, na nje ya darasa umefanya nini kingine cha kukuandaa, na kimekufaa vipi. Majibu yote pamoja yasizidi herufi 4,000, na nafasi kati ya maneno nazo zinahesabiwa. Kila jibu lisipungue herufi 350.

Mzazi, ulizia pia mapema kuhusu vyeti. Vyuo vingi vya Uingereza havimpokei mwanafunzi mwaka wa kwanza kwa KCSE peke yake. Hutaka A-level au mwaka mmoja wa matayarisho, na huo una gharama yake.

Sasa tuje kwenye kalamu. Vijana wengi wakiona maswali hayo hukimbilia saiba, ambako kuna mtu hodari wa Kiingereza anayewaandikia wote kwa malipo. Siku hizi wengine huiachia kazi hiyo akili bandia. Matokeo ni yale yale: "Tangu utotoni nimependa sana kusoma vitabu." Ndugu yangu, anayepokea maombi hayo amelisoma sentensi hiyo tangu asubuhi mpaka macho yamemuuma. Isitoshe, UCAS wana mtambo wa kulinganisha maelezo ya kila mwombaji na ya wenzake, na panapofanana mno, vyuo huarifiwa. Pesa ulizolipa zitakuwa zimekununulia aibu.

Kosa la pili ni kuuza umaskini. Kuna wanaoamini kwamba Mzungu akisikia njaa, mafuriko na taa ya koroboi, moyo utalainika na mlango utafunguka. Kama shida imegusa masomo yako, itaje kwa ufupi, nawe mwalimu anayekuandikia ushuhuda amweleze mhusika zaidi. Lakini maelezo haya hayapimi nani ameteseka zaidi. Yanapima jambo moja tu: je, huyu anajua kusoma kitabu na kukifikiria?

Kwa hivyo, usiwaambie kwamba unapenda kusoma. Waonyeshe unavyosoma.

Tuchukue mfano wa hapa hapa ufuoni. Grace Ogot, mzaliwa wa Asembo, alichapisha mwaka wa 1968 mkusanyiko wa hadithi fupi uitwao "Land Without Thunder". Ndani yake mna hadithi ya Oganda, binti wa pekee wa chifu Labong'o. Ukame umezidi, na inasemekana mvua haitanyesha mpaka msichana huyo atolewe kwa zimwi la ziwani. Oganda anaaga watu wake, anashika njia kuelekea ziwani. Kabla hajafika majini, kijana ampendaye anamwokoa. Na mvua inanyesha.

Mwanafunzi wa kawaida ataandika kwamba hadithi hiyo "inaonyesha utamaduni wetu." Hapo hajasema kitu. Msomaji wa kweli atasimama na kuuliza: kama zimwi halikupata kafara, mvua ilitoka wapi? Je, mtabiri alikosea, au kule kukubali kwa Oganda kulitosha? Na mbona mwandishi hatupi jibu? Kisha, kama ameisoma tamthilia ya Mgiriki Euripides juu ya Iphigenia, atakumbuka kwamba huko nako kuna kiongozi, Agamemnon, anayetakiwa kumtoa binti yake ili merikebu zipate upepo wa kwenda Troy. Huko nako, mwishoni mjumbe huja na habari kwamba msichana amenyakuliwa na miungu, na paa ameachwa mahali pake. Baba wawili, maji mawili, mabinti wawili. Kwa nini watu walioishi mbali hivyo walisimulia kisa kinachokaribiana hivyo, na ni wapi visa hivyo vinapoachana?

Swali kama hilo, likielezwa kwa sentensi sita safi, lina uzito kuliko orodha ya vitabu ishirini. Nami sikupi ulinakili, kwani sasa limesomwa na gazeti zima! Tafuta lako. Laweza kutoka katika kitabu teule ulichosomea mtihani, mradi usirudie maneno ya mwongozo.

Swali la tatu, lile la nje ya darasa, huwatia wengi hofu kwa sababu hawajawahi kuzuru jumba la tamthilia la London. Hofu ya nini? Kama nyanya yako anaishi upande wa Kendu Bay, mwombe akusimulie habari za ziwa Simbi Nyaima, kijiji kilichozama baada ya bikizee kufukuzwa karamuni. Muulize na jirani yake. Utagundua kwamba masimulizi hayalingani. Andika wapi yanatofautiana na unavyodhani ni kwa nini. Hiyo ni kazi ya fasihi kamili. Kuigiza katika tamasha la drama la shule, kusoma katika maktaba ya taifa pale mjini, kutafsiri kutoka Dholuo hadi Kiingereza, vyote vyafaa, ila useme vilikufunza nini.

Jambo jingine: jua unachokiomba. Mwaka wa 1968, Ngugi wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Owuor Anyumba walipendekeza katika chuo kikuu kishiriki cha Nairobi kwamba idara ya Kiingereza ivunjwe, Afrika na fasihi simulizi viwekwe mbele. Ndiyo maana hapo Nairobi kukawa na idara ya fasihi. Uingereza mambo ni mengine. Pale Oxford, kwa mfano, mwaka wa kwanza una maandishi ya Kiingereza cha kale sana. Soma mpango wa masomo wa kila chuo kabla hujatuma. Oxford na Cambridge hufunga maombi 15 Oktoba. Vyuo vingi vingine huwa Januari.

Ukimaliza kuandika, msomee mtu kwa sauti. Mwalimu akuulize maswali, asikuandikie. Sentensi ambayo rafiki yako angeweza kuitia sahihi yake bila kubadili neno, ifute.

Na wewe mzazi, rudisha kikombe midomoni. Grace Ogot alikuwa muuguzi na mkunga. Margaret Ogola, aliyeandika "The River and the Source" mwaka wa 1994, alikuwa daktari wa watoto. Najua utasema, "Basi na asomee uuguzi, aandike usiku!" Huenda ikawa hivyo. Lakini kabla hujakata shauri, omba ukasome alichoandika. Pengine itakuwa mara ya kwanza kusikia anavyofikiri.

Jumapili njema.