AJALI HII ILIKUWA NA KINGA



Watu husema ajali haina kinga. Mwenzetu mmoja amelala nyumbani na mguu uliovunjika, na kila amwendeaye humwambia maneno hayo ili kumpoza moyo. Sisi tumeipima baisikeli yake, na twasema ajali hii ilikuwa na kinga. Kinga yenyewe ni fimbo iliyonyoka, rula na nusu saa ya kazi.

Mwenzetu huyo, kama wengi wetu, mshahara wake haufiki mwisho wa mwezi. Basi jioni huuza maji kwa baisikeli ya magurudumu matatu aliyoiunda mwenyewe kwa mabomba, moja mbele na mawili nyuma. Gurudumu la mbele lilipoharibika, alitia dogo zaidi katika foku ile ile. Siku ya ajali alipakia mitungi 6 ya lita 20, yaani kilo 120 za maji. Kwenye mteremko usukani ukaanza kutetemeka, kisha ukageuka wenyewe. Wengine wamesema mikono yake ni dhaifu. Si kweli.

Ukiuvuta mkokoteni, wakufuata. Ukiusukuma mbele yako, kijiwe kidogo chaugeuza. Gurudumu la mbele ni vivyo hivyo. Weka fimbo sambamba na shingo ya foku, ishushe mpaka ardhini, utie alama. Tia alama ya pili pale tairi linapogusa ardhi, chini ya ekseli. Alama ya tairi sharti iwe nyuma ya ile ya fimbo, ndipo gurudumu livutwe. Baisikeli nyingi za kawaida zina kama sentimita 5 hadi 7. Pengo likizidi mno, usukani huwa mzito na huangukia upande ukienda polepole. Gurudumu dogo katika foku ile ile hulipunguza pengo hilo. Kwa mwenzetu halikufika sentimita 1.

Wenye magurudumu mawili mbele wana jambo la pili. Penye kona, gurudumu la ndani lapita duara dogo kuliko la nje, kwa hiyo sharti ligeuke zaidi. Funga kamba kwenye pini ya kila gurudumu, ipitishe juu ya ncha ya mkono wake wa usukani, uivute nyuma. Kamba mbili zikikutana karibu na katikati ya ekseli ya nyuma, umefanya vema. Njia hii ilibuniwa na Georg Lankensperger, fundi wa magari ya farasi wa Munich, na mwaka 1818 Rudolph Ackermann akaiandikisha London. Mpaka leo yaitwa kwa jina la Ackermann. Wafanya kazi hawatashangaa.

Yaliyobaki mwayajua. Beringi za shingo zisicheze, spoki zisilegee, breki za mbele zishike sawa pande zote mbili. Mzigo ukae chini. Baisikeli ya magurudumu matatu hailali kwenye kona kama ya mawili, hivyo mzigo ulio juu huipindua.

Dereva wa gari la moshi hana usukani. Magurudumu yamechongwa kwa mshazari kidogo ili yajirudishe katikati ya reli. Hakuna asemaye treni yakaa relini kwa nguvu za mikono ya dereva. Mbona basi mwuza maji alaumiwe kwa mikono yake?

Na wako waajiri wanaowapa vijana wao baisikeli za namna hii kupelekea mikate na gesi, kisha chombo kikianguka, kijana hukatwa mshahara. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri avitunze vyombo vya kazi viwe salama. Kabla ya kukubali lawama, chombo kipimwe mbele ya mjumbe wa chama.

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, saa tatu asubuhi, leteni baisikeli zenu nyuma ya ofisi ya tawi. Fimbo na kamba zitakuwapo, na mafundi wetu hawatatoza senti. Ya mwenzetu tumekwisha kuitengeneza. Yamngoja apone.