Aliyepiga Hodi Sharti Aage

Mswahili haingii nyumbani mwa mtu bila kupiga hodi, wala haondoki bila kuaga. Wanaotafsiri programu za mtandao kwa Kiswahili hawana budi kuzingatia adabu zote mbili, hasa ya pili ambayo husahaulika kwa wepesi.

Chukua mfano wa programu ya wavuti iliyoandikwa kwa lugha ya Java ili kuwaonyesha wanafunzi alama zao. Itifaki ya HTTP haina kumbukumbu. Kila ombi huifikia seva kama la mgeni asiyejulikana. Kwa hivyo mwanafunzi anapotoa jina na nywila yake, seva humfungulia kipindi na kumpa kidakuzi kiitwacho JSESSIONID, mithili ya kibandiko apewacho mgeni langoni. Kila akionyeshapo, hutambuliwa bila kuulizwa upya. Hata hivyo, kutambuliwa si kuruhusiwa: mgeni wa sebuleni hana idhini ya kuingia chumbani. Ndiposa seva hujibu 401 kwa asiyejitambulisha, na 403 kwa aliyetambulika ila hana ruhusa.

Hatari kubwa imo katika kuondoka. Katika Tomcat, mojawapo ya seva maarufu za Java, kipindi kisichotumiwa hudumu dakika 30 iwapo mwenye programu hakubadilisha muda huo. Mwanafunzi akifunga ukurasa tu kwenye tarakilishi ya maktaba, seva haina habari kwamba ameondoka. Ajaye nyuma yake, akitumia kivinjari kile kile, aweza kuzikuta alama za mwenzake wazi. Kitufe cha kuondokea ndicho kinachoiamuru seva ikivunje kipindi.

Kitufe hicho kikiandikwa "Funga", mtumiaji ataamini kwamba kufunga ukurasa kunatosha. "Toka" nalo lina ukali wa kumfukuza mtu. Neno "Aga" lafaa zaidi, kwa kuwa anayeaga humjulisha mwenyeji kwamba anakwenda zake. Wapo watakaodai kuwa kuaga hukumbusha mauti. Lakini muktadha ndio uamuao maana. Hakuna ashtukaye mgeni anapoaga baada ya chai.

Istilahi si pambo la kamusi. Ikiwa neno moja kwenye kitufe laweza kusitiri au kuanika siri ya mtu, basi wataalamu wa Kiswahili na waundaji wa programu sharti waketi pamoja mapema, kabla kitufe hakijapewa jina.